Homa ya Jioni Kibuye: Nani Hasa Anaijua Hatari ya Kazi?

Ukitaka kuwaudhi mafundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, waambie kwamba wanaumia kwa sababu hawazijui hatari za kazi yao. Huambiwa hivyo mara kwa mara: na maafisa wa usalama kazini, na watu wa mashirika wanaokuja na mabango, hata na sisi wateja tunaosimama kungoja geti lichomelewe huku tumeziba macho kwa kiganja. Jibu lao huwa moja: tunajua, ila hali ni ngumu. Hapo mazungumzo hukwama, kwa kuwa kila upande huondoka ukiamini umemshinda mwenzake.

Mimi naona wote wawili wana haki, lakini kila mmoja anayo kuhusu jambo lingine. Fundi anaijua hatari inayouma leo. Afisa anaijua inayouma baada ya miaka. Na kila mmoja anamwona mwenzake mjinga kwa kumpima kwa hatari anayoijua yeye.

Tuanze na haki ya fundi. Mtu aliyekaa miaka mingi na grainda, mashine ya kukatia na kusagia chuma, huhisi mtetemo wa diski mbovu mkononi kabla jicho halijaona ufa. Anajua waya upi unapata joto, ardhi ikilowa kiasi gani haifai kusimama juu yake ukiwa na mashine ya kuchomelea, na mteja wa aina gani ataharakisha kazi mpaka mtu apoteze kidole. Orodha ya ukaguzi haina mahali pa kumwandika mteja mwenye haraka. Inauliza kama njia ya kutokea wakati wa dharura imewekewa alama, swali linalochekesha katika kibanda chenye paa la mabati na kisicho na ukuta hata mmoja.

Lakini ujuzi huo umetokana na maumivu. Fundi ameujua ubaya wa kitu kwa sababu kiliwahi kumuuma yeye au jirani yake, tena papo hapo, damu ikaonekana. Kinachochelewa kuuma hakina mwalimu wa namna hiyo.

Chukua kuchomelea mabomba na mabati yaliyopakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta kwa wingi anaweza kupata homa saa chache baadaye, mara nyingi akiwa ameshafika nyumbani: baridi inayotetemesha, viungo kuuma, kiu, ladha ya chuma mdomoni. Siku ya pili, au ya tatu hivi, imeisha. Madaktari wa magonjwa ya kazi wameijua homa hii zamani, na wanajua pia kwamba hupenda kurudi Jumatatu, kwa sababu mwili uliokuwa umeanza kuzoea moshi hupoteza mazoea hayo wikendi mtu akipumzika.

Sasa ilete homa hiyo kando ya Ziwa Viktoria. Mtu wa Kisumu akitetemeka jioni atawaza nini? Malaria, bila shaka, na si makosa, maana hili ni eneo la malaria. Atanunua dawa, atalala, ataamka mzima na kuisifu dawa. Homa imepita yenyewe, na moshi umenusurika bila kushukiwa. Wiki ijayo anarudi kwenye mabomba yaleyale.

Linganisha na macho. Mwali wa kuchomelea huyaunguza macho kwa mionzi, na maumivu hayaji papo hapo. Huja usiku, kama mtu aliyemwagiwa mchanga machoni. Hapa napo hatari imechelewa saa kadhaa, lakini hakuna fundi asiyejua chanzo chake. Tofauti ni kwamba maumivu ya macho ya namna hiyo hayana kisingizio kingine, ilhali homa inacho kisingizio maarufu kuliko vyote katika eneo hili. Kwa hiyo hatari kutojulikana si dalili ya ujinga wa fundi. Hata zahanati ingekosea, kama mhudumu hakuuliza swali ambalo daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliwasihi wenzake waliulize tangu mwaka 1700: unafanya kazi gani?

Halafu kuna maziwa. Fundi wa kuchomelea au wa kupuliza rangi, akimaliza kazi nzito, hutuma kijana amletee pakiti ya maziwa, kwa imani kwamba yanaondoa sumu. Wasomi hucheka. Mimi naona pakiti ile ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya wanaosema mafundi hawajui. Mtu hanunui dawa ya kitu asichokishuku. Ameitambua hatari, tena kwa gharama ya mfuko wake; alichokosea ni njia, maana maziwa yanakwenda tumboni na moshi uko mapafuni. Afisa anayefika pale angeanzia kwenye maziwa, angekuta nusu ya somo limeshafundishwa.

Masikio ni mkasa mwingine. Wanaogonga masanduku ya bati ya wanafunzi hukaa bega kwa bega, nyundo juu ya bati kutwa nzima. Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini, za mwaka 2005, zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane za kazi. Hakuna mwenye kipimo hicho mfukoni, lakini ipo njia rahisi: ikikubidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele imeshakuwa ya kudhuru. Uziwi wa namna hii huanza na sauti nyembamba, zile za s na f, kwa hiyo mtu husikia kwamba ameitwa lakini haelewi ameambiwa nini. Mkewe hugundua kabla yake, kwa redio inayopazwa zaidi kila mwaka. Na uziwi huo hautibiki.

Wanaosema fundi anajua vya kutosha wanafikiria majeraha tu. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani yaliyotolewa mwaka 2023, watu karibu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kazi. Ajali zinawaua kama 330,000. Waliobaki, yaani milioni 2.6 hivi, wanauawa na magonjwa. Moshi wa kuchomelea uliwekwa mwaka 2017 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara. Vumbi la mbao lilikuwa limetangulia huko tangu miaka ya 1990, na seremala wengi bado hulipuliza kwa mdomo kutoka juu ya meza. Hatari kubwa zaidi ndiyo ile ambayo uzoefu hauioni, na hapo afisa ana haki yote.

Ila haki hiyo humlevya. Mfano ni kinga ya grainda, kile kifuniko cha chuma kinachoizunguka diski. Afisa akifika ataandika kwamba kinga imeng'olewa, jambo ambalo ni kweli, kisha ataandika kwamba mafundi wanahitaji mafunzo. Angeuliza kwa nini imeng'olewa angesikia habari nyingine. Diski ya inchi 9 iliyotumika kwenye grainda kubwa ikilika hadi kuwa ndogo, kuitupa ni hasara, kwa hiyo huhamishiwa kwenye grainda ndogo. Haiingii mpaka kinga itoke. Sasa, grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na diski ile ya inchi 9 huandikwa mwendo wa mwisho wa mara 6,600 hivi. Kinga imetolewa mahali ambapo diski ina sababu zote za kupasuka. Kumfundisha mtu huyo kwamba kinga ni muhimu ni kupoteza wakati, maana anajua. Asichokijua huenda ni ile namba ndogo iliyochapishwa kwenye diski, ambayo imeshalika pamoja nayo. Somo lilikuwa pale, na orodha ililipita.

Sheria nayo? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 si mbaya hata kidogo. Inamtaka mwenye mahali pa kazi azipime hatari, atoe vifaa vya kujikinga, aunde kamati ya usalama akifikisha watu 20, afanyiwe ukaguzi kila miezi 12. Inamgusa hata aliyejiajiri, naye lazima ajilinde na awalinde wanaomzunguka. Kwa hiyo si kweli kwamba haifiki Kibuye. Inafika, kisha inamtafuta mwajiri na kumkosa. Katika kibanda kimoja utamkuta mwenye mashine, aliyekodi mashine hiyo kwa siku, kibarua anayelipwa kwa kila dirisha analomaliza, na kijana anayejifunza. Ukiuliza mkubwa ni nani, kila mtu atamwonyesha mwenzake. Huko mtaa wa Obunga ni vigumu zaidi: kina mama wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa, kwenye moshi wa kuni na mafuta yanayochemka wanafanya kazi uani, na uani hakuna anayepaita mahali pa kazi.

Wapo wanaotaka msako na faini. Wana hoja, na ninaiheshimu: cheche haimchagui fundi. Inamwangukia mpita njia, na tairi la bodaboda, na jirani mwenye mtungi wa petroli. Uhuru wa mtu kuhatarisha mapafu yake hauingii hapo. Lakini faini katika kazi ya namna hii huwahamisha watu tu. Fundi atakwenda kuchomelea nyuma ya nyumba, usiku, ndani ya chumba kilichofungwa mlango, na moshi utakuwa mara nyingi zaidi ya ule wa kibandani penye upepo. Ningekubali faini kwa mambo yanayomhatarisha mwingine, nisiikubali kwa yanayomhusu fundi mwenyewe. Mpaka huo una utata wake, najua, lakini ni afadhali kuliko msako wa kila kitu.

Na ule msemo wa hali ngumu? Una ukweli, lakini unafunika mengi mno. Kofia nzuri ya kuchomelea ni ghali kwa mtu anayekula alichopata leo. Hapo sina la kusema. Kuingiza nyaya tupu kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti si umaskini. Plagi haifiki hata bei ya fimbo chache za kuchomelea. Kusimama upande unakotoka upepo ni bure. Kukwangua zinki mahali pa kuunganisha kabla ya kuwasha moto kunachukua dakika chache. Kule Tabaka, Kisii, wanaosugua vinyago vya mawe kwa msasa na maji hufanya hivyo ili jiwe ling'ae, na maji yayo hayo yanalilaza vumbi. Wanaochonga kavu hulivuta lote. Kinga bora mara nyingi imo ndani ya namna ya kufanya kazi, wala haivaliwi. Tumezoea kuanza na jaketi la kung'aa kwa sababu linapendeza kwenye picha, hasa likigawiwa na mheshimiwa. Barakoa ya kitambaa iliyosalia tangu Korona, kwa mfano, haiuzuii moshi wa chuma. Chembe zake ni ndogo mno.

Kama ningepewa nafasi ya kupanga mafunzo hayo, ningeanza na yule kijana anayejifunza. Yeye hana uzoefu wa fundi wala karatasi ya afisa, na ndiye anayeshikilia chuma kisisogee wakati fundi anakipiga moto wa kwanza. Fundi ana kioo cheusi. Kijana anaambiwa ageuze uso. Wazazi wake pengine wamelipa ili afundishwe, kwa hiyo fundi anamwona mwanafunzi. Lakini Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamhesabu mwanagenzi pamoja na wafanyakazi. Akiumia, swali la nani alikuwa mwajiri pale kibandani, lile ambalo kila mtu alikuwa akimwonyesha mwenzake, huenda likapata jibu, na jibu likawa fundi mwenyewe. Ningetaka fundi alisikie hilo kutoka kwa afisa mapema, kabla hajalisikia mahakamani.