Acheni kusugua rupia

Kila wiki inapita picha ya rupia ya Mjerumani, sarafu ya madini ya fedha ya enzi za ukoloni, inayong'aa kama sufuria mpya, na muuzaji anajisifu kwamba ameisafisha mwenyewe kwa majivu na ndimu. Mimi hapo naona hasara tupu, kwa sababu alichokisugua hadi kikaisha ndicho tunachokitafuta sisi wakusanyaji wa sarafu.

Chukua rupia za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, za 1890 hadi 1902. Upande mmoja yuko Wilhelm II, Kaisari wa Ujerumani, na kofia ya chuma yenye tai juu yake. Upande wa pili simba na mnazi, nembo ya kampuni. Zile zilizoanza 1904 zimebaki na sura ya Kaisari, ila simba hayupo tena. Mahali pake pana shada, thamani na jina Deutsch Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kuondoka kwa simba ni habari kamili: kampuni haitoi tena sarafu, serikali imeishika kazi yenyewe. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoifanya rupia iliyokuwa pesa 64 iwe heller 100, na mpaka leo tukiomba mkopo tunaomba hela. Uzito haukuguswa. Ni gramu 11.66, sawa na rupia ya India ambayo pwani ilikwisha kuizoea.

Sasa, kinachofutika kwanza ni sehemu zilizoinuka: manyoya ya tai, sharubu, shavu. Majivu na dawa ya meno vina chembe zinazokwaruza. Geuzageuza sarafu chini ya taa moja, utaona mistari myembamba imelala upande mmoja. Hiyo haiondoki tena. Na ule weusi unaowaudhi watu ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa. Ukiukwangua, umekwangua sarafu.

Shilingi za Mwingereza za Afrika Mashariki, za 1921 hadi 1946, zenye simba mbele ya milima, huumia zaidi. Fedha humo ni robo tu, nyingi ya iliyobaki ni shaba. Ndimu ikishapita, uso hubaki na mabaka mekundu. (Ya 1948 haina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Wanaoiuza kama fedha waisome: maneno ET IND IMP, Kilatini cha "na Kaisari wa India", yameondolewa, kwa kuwa India ilijitawala 1947.)

Nakubali, zipo zinazohitaji msaada. Yenye udongo iloweke kwenye maji yaliyochemshwa yakageuzwa mvuke kisha yakapozwa, yale ya betri yasiyo na asidi, siku moja au mbili, ukibadilisha maji bila kusugua. Yenye utando wa kijani unaonata, ambao hutoka kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, itie kwenye asetoni tupu ndani ya chombo cha kioo kwa dakika chache, dirisha wazi, moto mbali. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha haifai, mara nyingi ina mafuta na manukato. Kausha kwa kuigandamiza kidogo na kitambaa cha pamba. Usipanguse.

Bandia ni jambo jingine, na hapo mizani husaidia. Rupia halisi isiyochakaa sana ina gramu 11.66 hewani, ukiining'iniza kwa uzi ndani ya maji, hupungua takriban gramu 1.1. Ikipungua 1.3 au zaidi, hiyo si fedha ya kiwango chake.

Kuhifadhi: ishike kwa kingo, juu ya kitambaa laini, maana zinazoanguka hupata pigo ukingoni. Iweke kwenye kibweta kigumu au karatasi isiyo na asidi. Mipira ya kufungia noti iwe mbali kabisa, kwani salfa iliyomo huacha mstari mweusi katikati ya uso wa Kaisari, na hapo ndipo mtu hukimbilia tena ndimu.