Pofiria: tuachane na mtungi wa saa 24

Tumbo linamkata mgonjwa siku ya tatu, malaria hana, kidole tumbo ni kizima. Daktari akikumbuka pofiria, ugonjwa ambao mwili unashindwa kukamilisha utengenezaji wa himu (sehemu nyekundu ya damu) na kemikali za njiani zinarundikana, mgonjwa hupewa mtungi akusanye mkojo wa saa 24. Kwa shambulio la ghafla, desturi hii inawaumiza watu bure. Kinachotakiwa ni mililita 10 hadi 20 za mkojo wa mara moja, maumivu yakiwa bado yapo.

Wakati wa shambulio, pofobilinojeni, yaani PBG, mojawapo ya kemikali hizo za njiani, kwa kawaida hupanda mara 10 au zaidi ya kiwango cha juu cha mtu mzima wa afya. Ongezeko kubwa hivyo halihitaji jumla ya siku nzima. Maabara hugawanya PBG kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo, ili wingi wa maji usipotoshe hesabu. Kreatinini ikiwa chini ya milimoli 2 kwa lita, mkojo ni mwepesi mno, ombeni mwingine. Mtungi nao unapoteza siku nzima ya matibabu, na ukikaa chini ya kitanda katika joto na mwanga wa Mombasa, PBG inageuka kuwa vitu vingine na majibu yanashuka.

Kopo liwe tupu, bila dawa ya kuhifadhi wala asidi. Lizungushieni foili ya jikoni mpaka kifunikoni, jina liandikwe kwenye kopo na tena juu ya foili, maana foili ikivuliwa maabara, jina la nje huenda nayo. Friji ya nyuzi 4 inatosha kwa saa 48. Safari ikizidi hapo, gandisheni. Sampuli inayovuka feri ya Likoni mchana ikae ndani ya kisanduku cha barafu, si mkononi mwa mtu.

Fomu iseme PBG na ALA, kemikali inayoitangulia PBG katika njia hiyohiyo. Ikisema "pofirini" peke yake, mtapotezwa: pofirini za mkojo hupanda hata kwa ugonjwa wa ini au pombe. ALA ikiwa juu na PBG kawaida, fikirieni sumu ya madini ya risasi, ambayo nayo hukata tumbo vilevile. Mji uliopitia ya Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa kwa risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, hauna ruhusa ya kulisahau hilo.

Maabara ndogo inaweza kuanza na kipimo cha Hoesch, cha kuangalia rangi tu: gramu 2 za dimethilaminobenzaldehaidi katika mililita 100 za asidi hidrokloriki ya moli 6 kwa lita. Matone mawili ya mkojo ndani ya mililita 2 za mchanganyiko huo. Wekundu mkali ukitokea juu papo hapo, PBG ipo. Kitendanishi cha Ehrlich, cha kipimo kingine cha rangi, hugeuka hivyohivyo kwa urobilinojeni, kitu cha kawaida cha mkojo kitokanacho na nyongo, ndiyo maana namwamini Hoesch zaidi. Hata hivyo, wekundu huo lazima uthibitishwe kwa kipimo cha kiasi kabla mtu hajaandikiwa ugonjwa wa maisha.

Na mtoto anayelia ngozi inamuungua kila akitoka juani, msimsumbue kwa kopo: pofiria ya aina hiyo huonekana kwenye damu, mkojo wake huwa wa kawaida.