Maji Yalitosha, Mjukuu Wangu?

Kwa kuwa rafiki yangu mwenye baiskeli ameshawatangazia wanadarasa wote kwamba nilikutwa uvunguni mwa kitanda cha watu, ninalazimika kueleza mwenyewe yaliyotokea juzi, ili angalau nichekwe kwa kosa nililolitenda na si kwa lile nililozuliwa. Uvunguni sikuingia. Niliingia bafuni.

Mnaonifuata tangu nilipoondoka Singida mnakumbuka nilivyohangaika baada ya kuambiwa kuwa bweni la chuo limejaa. Dalali alinizungusha siku tatu, kila siku akidai hela ya kuonyeshwa, na kila nyumba ilikuwa "hatua mbili tu kutoka hapa", hatua ambazo nadhani zilipimwa na twiga. Hatimaye nilipata chumba Ngamiani kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, nikalipa kodi ya miezi sita pamoja na ya mwezi mmoja ya dalali, nikabaki na godoro, ndoo na shilingi 3,500.

Ngamiani, kwa msioifahamu Tanga, mitaa imepewa namba badala ya majina. Kuna Barabara ya 10, ya 11, ya 12 na kuendelea, zote zimenyooka, na nyumba nyingi ni za ramani ileile ya Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye bafu na choo. Mtu mwenye akili angehesabu barabara. Mimi, niliyekulia mahali ambapo mgeni huelekezwa njia kwa majabali, nilitafuta jabali langu nikalipata: mama anayekaanga mihogo kwenye kona ya kwetu. Ukifika penye mihogo, pinda kushoto, nyumba ya nne. Kwa wiki tatu utaratibu huo haukuniangusha hata mara moja, na kasoro yake ndogo, kwamba jabali hili lina miguu, sikuiona.

Juzi niliazima baiskeli nikaenda kuogelea Raskazone. Nilirudi jua limekwisha kuzama, chumvi imenikaukia mwilini, umeme umekatika mtaa mzima. Nikauona moto wa jiko la mihogo, nikapinda kushoto, nikahesabu nyumba nne, nikaegemeza baiskeli barazani na kuingia. Koridoni hapakuwa na mtu, kwani ilikuwa wakati wa swala ya magharibi. Chumbani sikupita, kwa sababu ufunguo ulikuwa chini kabisa ya mfuko na chumvi ilikuwa inaniwasha kama upupu. Taulo nilikuwa nalo. Nikaenda moja kwa moja uani.

Naomba msicheke kwanza. Mlangoni mwa bafu nilipapasa nikakuta ndoo ya maji ya moto na kandambili, nikamwombea dua mpangaji mwenzangu aliyenifikiria. Bafu letu hufungwa kwa waya. Hili lilikuwa na komeo, nami nikasema moyoni kwamba mwenye nyumba hatimaye amesikia kilio chetu. Maji yalinukia majani, nikafurahi zaidi. Palikuwa na dodoki limetundikwa msumarini, nikajisugua nalo mgongo, shingo na mahali pengine ambapo sitapataja, huku nikiimba kwa sauti ya mtu aliyelipa kodi ya miezi sita.

Nikajifunga taulo, nikafungua komeo, nikatoka, na umeme ukarudi.

Ulirudi wote kwa pamoja, taa ya uani ikiwa juu ya kichwa changu. Mbele yangu, kwenye kigoda, alikaa bibi mmoja mwenye miguu iliyovimba, amejitanda kanga, ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Nyuma yake walisimama wanawake wanne, mmoja ameshika mbuzi ya kukunia nazi kwa namna ambayo sikuipenda, na mtoto wa miaka kama minane aliyeacha mdomo wazi. Bibi alinitazama taratibu kuanzia kichwani, akashuka begani, ambako jani la mwarobaini lilikuwa limeniganda, akashuka mkononi, ambako nilikuwa bado nimeshika dodoki lake, akamalizia miguuni, kwenye kandambili zake.

"Shikamoo, bibi," nikasema, kwani nililelewa vizuri hata kama sikuwa nimevaa vizuri.

"Marahaba, mjukuu wangu. Maji yalitosha?"

Hapa ndipo ninapoamka usiku nikajipiga kofi la paji la uso. Nilikuwa na nafasi ya kuomba radhi, kulia, hata kuzimia. Badala yake nilimjibu: "Yametosha, bibi, ahsante, ila yalikuwa yameanza kupoa."

Mwenye mbuzi ya nazi aliketi chini kwa kicheko. Wenyeji husema Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, nami nilitamani kuondoka dakika ileile, lakini kaptula yangu ilikuwa bado bafuni, na mlango wa uani ulikuwa umezibwa na rafiki yangu, aliyekuwa akipita barabarani, akaitambua baiskeli yake na kuingia kuiulizia. Ndiyo maana shahidi wa uongo wote mliousikia ni yeye.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilieleza, wakacheka, maji mengine yakatiwa majani na kubandikwa jikoni kwa ajili ya miguu ya bibi, nikanyweshwa chai, kisha yule mtoto akanishika mkono na kunirudisha kwetu, barabara moja tu mbele. Kumbe kwenye kona yetu walikuwa wamechimba mtaro mchana ule, na mama wa mihogo akahamisha jiko.

Jana nilikwenda soko la Mgandini nikanunua madodoki mawili nimpelekee bibi. Bado ninayo chumbani, kwa sababu nikipita barazani kwake mchana wale wanawake huwapo, na nikienda usiku sijui nitatokea uani kwa nani.