Mabaki ya Programu: Acha Misumari, Tafuta Ufunguo

Ukimpelekea fundi kompyuta nzito, mara nyingi kitu cha kwanza anachopachika ni programu ya kusafisha rejista, yaani daftari ambamo Windows na programu zake huandika mipangilio. Inazungukazunguka, halafu inakutolea namba nyekundu: makosa mia kadhaa! Anabonyeza kitufe, namba inashuka hadi sifuri, unalipa, unaondoka. Ukifika nyumbani mashine ni nzito vilevile. Kwangu mimi huo ni mchezo wa kiini macho, na nashangaa bado unalipiwa.

Mengi ya hayo yanayoitwa makosa ni mabaki tu ya programu zilizoondolewa. Tangu enzi za Windows 95, programu nyingi huandika mipangilio yao kwenye rejista, na nyingine huweka mafaili ndani ya AppData, folda iliyofichwa ya data za programu. Ukiziondoa, baadhi ya maandishi hayo hubaki, tena mengine kwa makusudi: ukiirudisha programu kesho ikute mipangilio yako, au ikumbuke kwamba siku zako za majaribio ya bure zilishakwisha. (Ndiyo maana ule ujanja wa kufuta na kuweka upya mara nyingi hugonga mwamba.) Windows haisomi rejista yote kila inapowaka. Inakwenda moja kwa moja kwenye kifungu inachokihitaji, kwa hiyo mistari mia kadhaa iliyokufa haikupunguzii kasi yoyote utakayoihisi. Microsoft wenyewe wameshaandika kwamba hawaungi mkono matumizi ya visafisha rejista. Tena kisafishaji nacho ni programu ya mtu: mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner lilitoka kwenye tovuti yake rasmi likiwa limepandikizwa programu hasidi, na kompyuta zaidi ya milioni 2 zikalipokea.

Mpangaji akihama, misumari aliyoiacha ukutani haikunyimi usingizi. Cha kukunyima usingizi ni ufunguo aliobaki nao. Mwaka 2019 watumiaji wa Mac waliliona hilo kwa Zoom, programu ya mikutano ya mtandaoni. Programu hiyo ilikuwa ikiweka seva ndogo ndani ya mashine, yaani programu inayongoja maombi chinichini, na ukiifuta Zoom, seva ilibaki ikifanya kazi. Ukibonyeza linki ya mkutano, seva inakurudishia Zoom bila hata hodi. Mtafiti Jonathan Leitschuh alilianika jambo hilo Julai mwaka huo, na Apple ikalazimika kutuma sasisho la kimyakimya kuing'oa seva hiyo.

Kwa hiyo mimi huanza na kinachowaka, siyo kilicholala. Kwenye Windows ipo Autoruns, ya bure, ya Microsoft wenyewe. Inakuonyesha karibu kila kitu kinachojiwasha: huduma, draiva (programu zinazoendesha vifaa na kufanya kazi ndani ya mfumo), kazi zilizopangiwa saa. Mistari ya njano ni ile ambayo faili lake halipo tena, yaani programu imeondoka, mwito wake umebaki. Toa tiki kwanza, usifute. Washa kompyuta upya, itumie siku chache, na kitu kikigoma unairudisha tiki yako.

Wasumbufu kuliko wote ni antivirusi, kwa sababu draiva zao huzama ndani kabisa ya mfumo. Usipambane nazo kwa mkono. Kampuni kama Kaspersky na McAfee hutoa programu maalumu ya kuziondoa. Kwenye Mac, chungulia folda za LaunchAgents na LaunchDaemons ndani ya Library, ambamo hukaa maagizo ya vitu vinavyojiwasha. Watumiaji wa Ubuntu, mfumo wa Linux, wanajua: amri ya apt remove huacha mafaili ya mipangilio, apt purge huyafagia, ingawa yaliyo kwenye folda yako binafsi hayaguswi.

Kuna baki jingine ambalo watu hulidharau, hasa kwenye kompyuta za ofisini na za steshenari zinazoshikwa na kila mtu. Unapoiondoa Chrome kwenye Windows, kuna kisanduku kinachouliza kama data zako nazo zifutwe. Wengi hukipita. Usipokitia tiki, historia yako na nywila ulizohifadhi hubaki kwenye AppData, na atakayeweka Chrome tena kwenye akaunti ileile ya Windows atakuta kila kitu kikimsubiri. Na kama mashine unaiuza, usihangaike na folda mojamoja: irudishe Windows upya, chagua kuondoa kila kitu, kisha ukubali na kusafishwa kwa diski. Itachukua saa kadhaa, basi iache kwenye chaji ukalale.