Maziwa Nitatoa, Ng'ombe Simtoi

Jumanne jioni, mikono bado ina rangi mpaka kwenye viwiko, simu ikaingia meseji. "Dada habari za kazi. Kwa kuwa tunakufahamu kama mtu wa kujitolea, kamati imekupangia vilemba 60 vya batiki kwa sherehe ya mtaa ya kufunga mwaka. Tunavihitaji Jumamosi ya wiki ijayo. Mungu akubariki sana."

Imekupangia.

Niliisoma mara tatu, nikaketi kwenye ndoo niliyokuwa nimeifunika, machozi yakanitoka. Vilemba 60 si kazi ya kumliza mtu. Ni huu mwaka wote ulionijia kwa mkupuo, nikaona kwamba nisipojibu sawasawa leo, Januari nitarudi pale pale nilipokuwa Agosti.

Mwaka nilikuwa nimeuanza vizuri sana. Januari nilipanda basi la Kondoa, nikaenda mpaka Kolo, kilomita kama 180 kutoka hapa Dodoma mjini, kuona ile michoro ya miambani. Nimezaliwa mkoa huu, nimesoma mkoa huu, na nilikuwa sijawahi kufika. Dunia iliitambua mwaka 2006 ilipoingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO, mimi nimeifikia baada ya kuzaa watoto wawili. Tulipanda ule mlima jua likichoma, mwongoza wageni akatusimamisha chini ya jabali, na pale juu wakawa wanatutazama: watu warefu, wembamba, wa rangi nyekundu, vichwa vimejaa nywele, na pofu mmoja mnene, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, aliyechorwa na mtu aliyemjua pofu. Tukaambiwa mpaka leo kuna wanaofika huko kufanya matambiko na kuomba mvua. Niliteremka nikiwa na jambo moja tu kichwani, kwamba wekundu ule nitautia kwenye kitambaa.

Umenichukua miezi sita. Wanaofanya batiki wanaelewa. Rangi yenyewe ukiwa umeikoroga na kostiki na haidrosi, zile dawa mbili za kuiyeyusha, haikuonyeshi sura yake kwenye beseni, unaingiza kitambaa hujui kitatoka vipi, unakianika, na ni hewa ndiyo inayokwambia kama umepatia au umeharibu. Mara ya kwanza kilitoka rangi ya matofali. Mara ya pili zambarau. Mara ya tatu nilikuwa nimeacha kopo la haidrosi wazi usiku, likavuta unyevu, likafa, na jora zima likapata mabaka. Mwezi wa saba, ule upepo wetu unaokausha midomo ukaniletea vumbi juu ya kitambaa kibichi, nikakirudia upya. Na kila ukirudia unahitaji maji ya kusuuza mara tatu, katika mji ambao maji ya bomba yanakuja kwa zamu. Nimenunua madumu mwaka huu mpaka mwenye mkokoteni ananiita shemeji.

Halafu asubuhi moja ya Julai, baridi ile ambayo wageni kutoka Dar huwa hawaitarajii Dodoma, ikanisaidia. Nilikuwa nimezidisha parafini kwenye nta ya nyuki, na ile baridi ikaikausha nta haraka. Nilipokikunja kitambaa kikalia kwa sauti ndogo kama majani makavu. Rangi ikapenya kwenye nyufa. Nilipokitoa na kuichemsha nta ikayeyuka, wale watu wa Kolo walikuwa wamesimama kwenye jiwe lenye mistari, wekundu wa udongo wa kwetu hasa. Nilipiga kelele, jirani akaja mbio akidhani nyoka.

Hilo ndilo zuri la mwaka, na nalishukuru.

Mabaya sitayarefusha. Ofisi moja ilichukua mita 150 mwezi wa nne, malipo yakawa "kwenye mchakato", na leo ni Desemba. Wengi wenu mna ofisi yenu kama hiyo.

Lakini sitaki kuisingizia ile ofisi peke yake, kwa sababu daftari langu haliniruhusu. Nililifungua Agosti nilipogundua sina hata hela ya nusu jora. Machi nilitoa vitambaa vya harambee ya madawati. Mei nikatoa sare za kwaya, nikalipiwa nauli tu. Juni mnada wa kuchangia mgonjwa, nikapeleka shuka tatu kubwa, zile ambazo ningeuza kwa bei ya kulipa ada ya mtoto. Katikati hapo vitu vidogo vidogo, kitambaa cha meza kuu hapa, skafu za wageni rasmi pale. Nilipojumlisha, nilikuwa nimetoa majora matatu ndani ya miezi sita. Hakuna duka la kitambaa lililonipa hata mita moja bure kwa kuwa mimi ni mtu wa kujitolea.

Na sasa niwaambie gharama yake halisi, maana haikuwa hela.

Kila Jumamosi nilikuwa na wasichana tisa uani kwangu hapa Chang'ombe. Nawafundisha bure, kitambaa changu, rangi yangu, uji wangu. Kati yao alikuwepo mmoja wa miaka 17. Mtoto huyu anachovya brashi kwenye nta, anaipangusa mara moja tu kwenye ukingo wa sufuria, halafu anaishusha kwenye kitambaa na kumchora pofu mzima bila kuinua mkono, kuanzia pembe mpaka mkia. Nimefanya kazi hii miaka 11 na mimi siwezi. Agosti rangi ikaisha, nikawaambia wasubiri kidogo. Wiki ya kwanza walikuja kuuliza. Wiki ya pili wakaja wanne. Wiki ya tano mama yake akaniambia ameshapata kazi za ndani Dar, ameondoka na basi la alfajiri. Hakuja kuniaga, na simlaumu, angekuja kuaga nini kwenye uwanja mtupu?

Kwa hiyo mtu akiniambia kutoa ni moyo, ninakubali, na usambe ni utajiri. Lakini mimi moyo ulikuwepo. Kilichokwisha ni mtaji, na ulipokwisha aliyelipa ni yule binti, sio mimi.

Babu yangu wa Mvumi alikuwa na ng'ombe, na hakuwalaza wote kwenye zizi lake. Ndivyo walivyofanya Wagogo wengi, ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja usimalize mali yote. Unamkabidhi ndugu au rafiki wa kijiji kingine ng'ombe kadhaa, awachunge. Maziwa ni yake na wanawe, samadi ni yake, jina zuri ni lako. Ng'ombe na ndama wake wanabaki wa mwenyewe. Nyumba ngapi zimelelewa kwa maziwa ya ng'ombe wasio wao! Na hakuna aliyemwita babu mchoyo kwa sababu hakumwambia rafiki yake amchinje.

Hata kazi ya shambani. Bibi akitaka kulima shamba kubwa alialika majirani, na walikuja na majembe yao bila kudai ujira. Lakini siku kadhaa kabla, bibi alikuwa ameshaloweka mtama wa pombe. Watu walikula, wakanywa, na zamu ikizunguka bibi naye alikwenda kwao. Tunapenda kusema zamani watu walisaidiana bure. Hakuna aliyerudi nyumbani na njaa kutoka shamba la bibi yangu, basi hiyo bure inatoka wapi?

Akina mama wenzangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hili wamelielewa bila semina. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Kila wiki unanunua hisa zako, na pembeni unaweka 1,000 ya mfuko wa jamii. Akifiwa mtu, akiugua mtu, pesa inatoka kwenye mfuko wa jamii. Hata ulie vipi, hisa haziguswi. Septemba nilikwenda kukopa 500,000, nikaeleza nilivyofikia pale, nikitegemea pole. Mweka hazina, mama mtu mzima anayeuza mlenda mkavu na karanga Majengo, alinitazama akaniuliza, "Mwanangu, wewe sanduku lako lina mifuko mingapi?" Sikuwa na jibu. Walinikopesha, kwa riba ile ile ya kila mtu, na ndiyo iliyofungua tena uwanja wangu. Wasichana sasa wako sita.

Sasa nirudi kwenye ile kamati. Nimeuliza. Mwenye viti na maturubai atalipwa. Mpishi atalipwa. Mshereheshaji ameshachukua kianzio. Muuza mbuzi hakuambiwa abarikiwe, alitajiwa bei akaipandisha. Ni mimi na kijana wa ngoma ndio tuliopangiwa. Kwa nini? Kwa sababu kazi yetu inaonekana kama raha. Mtu anaona rangi, anaona ngoma, haoni madumu, haoni kostiki iliyonibabua kidole gumba mpaka leo hakina alama ya dole gumba, haoni yule kijana akibadilisha ngozi ya ngoma kwa hela yake. Inaniuma zaidi kwa kijana kuliko kwangu. Yeye ana miaka 22 na anaogopa kusema hapana, atapiga kwa saa nne na kurudi kwake Nkuhungu kwa miguu.

Nakiri, aliyeandika ile meseji si mtu mbaya. Mwanangu alipozidiwa usiku mwaka juzi, ni bodaboda yake iliyotupeleka hospitali, na hela alikataa. Tena kuna mambo sitayaandikia bei kamwe. Msiba ni msiba, mtaa huu ukifiwa kitambaa kitatoka kwangu usiku huo huo. Hilo nimelitengea mfuko wake tangu Septemba, na lina kitambaa chake kwenye rafu ya juu.

Nimemjibu Jumatano asubuhi, baada ya kulala. "Kaka, asante kwa kunikumbuka. Vilemba 60, kitambaa, rangi na maji ni 5,000 kila kimoja, jumla 300,000, nusu kabla sijaanza. Ufundi wangu na wa wasichana wangu wa kushona pindo ni mchango wetu kwa mtaa. Na yule kijana wa ngoma naomba alipwe."

Tiki mbili zimekuwa za bluu tangu jana. Hajajibu. Leo ni zamu yetu ya maji, yanatoka saa tano usiku, nimeshayapanga madumu chini ya bomba, na jora la Kolo liko tayari limepakwa nta.