Chura wa Amani na bili ya maji ya Tanga

Ukitaja kulinda chura, Mtanzania anamkumbuka wa Kihansi: maji ya mto yalichepushwa kwenda kufua umeme, chura akapelekwa Marekani kwa ndege, na mwaka 2012 akaanza kurudishwa bondeni kwake, ambako sasa mabomba ndiyo yanamnyunyizia maji. Wapo wanaocheka hadi leo.

Sisi Tanga tuna wetu, hajapanda ndege na naomba asipande. Wataalamu wanamwita Arthroleptides martiensseni, chura mkubwa wa vijito vya msitu wa Usambara, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1911 kutokana na vielelezo vilivyokusanywa Amani, huko Usambara Mashariki. Leo yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Viluwiluwi vyake si vya dimbwini. Vinanata kwenye mwamba pembeni ya maporomoko, palipo na maji ya kulowesha jiwe tu, na ukivigusa vinaruka. Kata miti ya juu, jua liupige ule mwamba ukauke, basi kizazi hicho kimekwisha.

Mwamba huo unasumbuliwa siku nyingi. Watu wamefyeka chini ya miti wapande iliki, wamelima magimbi hadi mtoni, na mwishoni mwa 2003 dhahabu ilipoonekana Sakale, hukohuko milimani, walichimba ndani ya vijito vyenyewe. Maji hayohayo yanashuka kwa mto Zigi, yanaingia bwawa la Mabayani, kisha jikoni kwetu mjini.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru kingo ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sawa, lakini pima ekari moja uone: mwenye kashamba hako bondeni, mita 60 zinammalizia karibu lote. Tunamwambia aache, tunywe sisi, na hatumlipi.

Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha za miradi inayojali mazingira, na wawekezaji wakanunua. Kwa hiyo fedha za maji zinapatikana. Mimi ningeweka tozo ndogo katika bili yangu, iende kwa wakulima wa juu wanaoacha kingo zijiotee. Umoja wao wa kuhifadhi mazingira ya mito Kihuhwi na Zigi, UWAMAKIZI, tayari umeshaundwa. Atakayesema mtu halipwi ili atii sheria, apewe yeye hiyo ekari.

Ila malipo yafuate ukaguzi. Vijana wa kijiji wapite na tochi usiku, mwamba uleule kila msimu, wahesabu vyura. Penye chura na kingo zenye miti, fedha itoke.