Waliokuwepo walijua

Habari inasema Wafaransa wengi leo wanaamini Marekani ndiyo iliyomshinda Hitler. Mbona mwaka 1945, shirika la kura za maoni la IFOP lilipowauliza ni nchi gani iliyochangia zaidi kumshinda, asilimia 57 walitaja Umoja wa Kisovieti na 20 tu Marekani? Waliokuwepo walijua.

Mimi nikivifikiria vita vile naiona Leningrad, mji wa Kisovieti uliozingirwa na Wajerumani, Novemba 1941: mtoto anapewa gramu 125 za mkate kwa siku nzima, kipande cha kuenea kiganjani, tena unga wenyewe umetiwa nyuzi za miti. Wasovieti wapatao milioni 27 walikufa, jamani! Malori ya Marekani yaliwasaidia sana, hilo sikatai. Lakini jeshi la Hitler lilivunjwa nguvu na Wasovieti katika mapigano ya Stalingrad na Kursk, kabla askari wa Marekani na wenzao hawajakanyaga Normandy, pwani ya Ufaransa, Juni 1944.